Mpira, Mchumba na Mke: Jioni Hii ni Haki ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Ama baada ya kumshukuru Allah (S.W.T.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam), leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo akina mama wa hapa Nyamirambo wanalisema sana wao kwa wao, na sisi wanaume tukilisikia tunacheka. Nalo ni mapenzi ya mpira wa miguu. Hatukusudii kuucheza, maana anayecheza angalau anatoka jasho na kupata afya. Tunakusudia kuutazama, kuufuatilia, kuubishania na kuuota usingizini, mpaka mke au mchumba anakuwa kama mchezaji wa akiba ambaye kocha amesahau kama yupo.

Tuseme mapema ili ndugu zetu wasiifunge makala hii kabla ya kuimaliza: hatuharamishi mpira. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki na ngao msikitini Madina, na Mtume (S.A.W.) akamsimamisha Bibi Aisha (r.a.) nyuma yake atazame, wala hakuondoka mpaka mwenyewe Bibi Aisha alipochoka na kusema inatosha. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim, na wapenzi wa mpira wanakijua vizuri, wanatutolea kama ushahidi kila tukiwagusa. Sawa. Lakini tukisome chote. Mtume alitazama pamoja na nani? Na ni nani aliyeamua muda wa kumaliza? Ndugu yetu anayekitoa kisa hiki kuwa dalili yake, yeye anatazama peke yake kibandani, na mke hajui atarudi saa ngapi.

Mtaa wetu na mpira ni ndugu wa damu, hilo halifichiki. Uwanja uko hapa hapa Nyamirambo, nao mwaka 2023 ulipewa jina la Pelé. Wazee bado wanahadithia mwaka 2004, Amavubi walipokwenda Tunisia kwenye Kombe la Afrika. Halafu mwaka 2018 jezi ya Arsenal ikaanza kubeba maneno Visit Rwanda mkononi, na vijana wengi wakapata hoja mpya: kuishangilia timu ya London sasa ni uzalendo! Tulicheka, na tunaendelea kucheka, lakini uzalendo huo haukuwahi kumpelekea mtu sukari nyumbani.

Tatizo ni kwamba mpira wa leo si ule wa baba zetu. Baba alikuwa na redio, na mechi moja ya Jumapili. Leo Ligi Kuu ya Uingereza peke yake ina timu 20 na mechi 380 kwa msimu. Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, tangu msimu wa 2024 ilipobadilishwa na kuwa na timu 36, imetoka mechi 125 ikafika 189. Ongeza Hispania, Italia, Ujerumani, na ligi yetu wenyewe. Mtu akikwambia anatazama mpira wikiendi tu, muulize wikiendi yake inaanza siku gani, maana siku hizi inaanza Ijumaa usiku na kwisha Jumatatu, kisha Jumanne na Jumatano ni Ulaya, na Alhamisi nayo ina kombe lake. Mke abakiwe na siku gani?

Hata saa zenyewe zinagongana na ibada. Mechi za Jumamosi zinazoanza saa 9 alasiri kule Uingereza, hapa Kigali wakati wa joto lao zinaanza saa 10. Wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, zinaanza saa 11 jioni. Jua letu halina habari na mabadiliko yao, linazama karibu saa 12 mwaka mzima. Kwa hiyo Magharibi inaingia watu wakiwa mapumziko au kipindi cha pili ndio kwanza kimeanza, na firimbi ya mwisho inapolia Isha inakaribia kuadhiniwa. Ule muda wa mapumziko unatosha kabisa kutawadha na kuswali rakaa tatu, na msikiti hauko mbali. Wanaofanya hivyo wapo, Allah awalipe. Lakini tazama ni wangapi wanaoinuka, na wangapi wanaoutumia muda huo kubishana kama ile ilikuwa penalti. Na mechi za Ulaya wakati wa baridi yao zinaanza saa 4 usiku, mtu anarudi saa 6 na nusu, watoto wamelala, mama amelala au amejifanya amelala, halafu Alfajiri inamkuta kama gogo.

Sasa tuje kwenye haki. Abdullah bin Amr bin al-Aas (r.a.) alikuwa kijana mcha Mungu, anafunga mchana na kuswali usiku kucha. Baba yake alimuoza mwanamke wa ukoo mzuri wa Kikureshi, kisha akawa anakwenda kumuuliza mkwewe habari za mumewe. Yule mwanamke akaanza kwa kumsifu kwamba ni mtu mwema sana, ila tangu aingie kwake hajakikaribia kitanda chao. Baba akalifikisha jambo kwa Mtume (S.A.W.), naye akamwita Abdullah na kumfundisha kwamba mwili wake una haki, macho yake yana haki, na mkewe ana haki juu yake.

Tunaomba msomaji asimame hapa kidogo. Kilichokuwa kikimnyima yule mwanamke haki yake si ngoma wala kamari. Ilikuwa ni swala na saumu, amali bora kabisa. Na bado aliambiwa apunguze! Ikiwa tahajudi yenyewe iliwekewa mpaka kwa ajili ya mke, ni kitu gani kitaifanya nusu fainali isiwekewe mpaka?

Kuna jambo jingine katika kisa hicho ambalo mara nyingi halitajwi. Yule mwanamke hakwenda kushitaki. Aliulizwa na baba mkwe, na hata alipoulizwa alitanguliza sifa. Wake zetu wengi ni hivyo hivyo. Ukimuuliza anasema mume wangu hana tabu, hanywi, hanipigi, ni mpira tu. Hilo neno “tu” limebeba mengi. Lakini ni baba mkwe gani leo anayekwenda kuuliza? Tunakwenda kwa wakwe zetu kula Idi, tunasifu pilau, tunarudi.

Na hapa tunawasema wazee wetu kwa heshima. Mwanamke akithubutu kulalamika, jibu linalompata karibu kila nyumba ni moja: “Shukuru binti yangu, afadhali mpira kuliko pombe.” Jibu hili limefunga midomo mingi na halijatengeneza nyumba hata moja. Tangu lini ndoa ya Kiislamu ikapimwa kwa ulevi? Mume asiyelewa hajatoa zawadi, amefanya lililo faradhi juu yake hata kabla ya kuoa. Mke hakuolewa ili asipate mlevi, aliolewa apate mwenza, mtu wa kukaa naye na kusikilizana naye. Salman al-Farisi alipomtembelea Abu Dardaa (r.a.) akamkuta mkewe amejiachia, hajipambi, na alipomuuliza akaambiwa kwamba ndugu yako hana haja na dunia, Salman hakumwambia yule mama ashukuru kwa kuwa mumewe si mlevi. Alikaa pale, akamfanya Abu Dardaa ale, akamlaza usiku, na mwisho wa usiku ndipo wakasimama wakaswali pamoja, akamwambia kila mwenye haki apewe haki yake. Mtume (S.A.W.) alipoelezwa akasema Salman amesema kweli. Rafiki wa namna hii ndiye tunayemtafuta, rafiki anayeingia nyumbani kwako na kuona kwamba mkeo ameacha kujipamba. Marafiki wa kibandani hawajui hata kama umeoa.

Tukiri pia ukweli wa upande wa pili, maana si haki kumlaumu mwanamume bila kuuliza anakimbia nini. Tumekaa na vijana wengi waliooa miaka miwili au mitatu iliyopita. Kazi ni za kubahatisha. Kodi ya nyumba inangoja. Akiingia nyumbani anapokewa na orodha: gesi imekwisha, mtoto anakohoa, mwenye nyumba amepita. Kila kitu nyumbani kinamkumbusha anachokikosa. Kule kibandani hakuna anayemdai. Anajua majina ya wachezaji, anajua nani kauzwa kwa bei gani, watu wanamsikiliza akiongea, wanamwita “mwalimu”. Kwa dakika tisini ni mtu mwenye elimu na heshima. Na mechi ina kitu ambacho maisha hayana, inakwisha kwa saa inayojulikana na mshindi anajulikana. Deni la mwenye nyumba halina kipenga cha mwisho.

Kwa hiyo khutba za kusema “mpira ni upuuzi wa makafiri, achaneni nao” hazimsaidii kijana huyu. Akitoka msikitini anapita kibandani kwa mlango wa nyuma, na sasa ameongeza uongo: alikuwa kwa fundi, alikuwa kwenye msiba. Tumeshuhudia ndoa ambazo mpira wenyewe haukuzitikisa, zilitikiswa na uongo wa kuuficha.

Basi tutajuaje kama mtu amevuka mpaka? Wengine wanahesabu saa. Sisi tunaona saa hazitoshi kupima. Mtu anaweza kutazama mechi tatu kwa wiki na nyumba yake ikawa salama, na mwingine akatazama moja na ikawa balaa. Kipimo chetu ni hiki: timu ikifungwa, nani anaadhibiwa? Zipo nyumba hapa mtaani ambazo watoto wamejifunza kuuliza matokeo kwanza kabla ya kumwomba baba pesa ya daftari. Mama anapika kimya kimya. Chakula kinaliwa bila neno. Mchezaji aliyekosa penalti yuko Manchester, analipwa mamilioni na amekwishalala. Anayebeba adhabu yake ni mwanamke wa Nyamirambo ambaye hajui hata jina lake. Nyumba ikifika hapo, huo si mchezo tena.

Tugeukie wachumba, kwa sababu tunaamini mambo mengi yangetengenezwa kabla ya nikahi. Katika posa zetu tunauliza sana. Swala anaswali? Ukoo gani? Kazi gani? Mahari kiasi gani? Hatuulizi: jioni zako unazipitisha wapi? Pesa inayobaki baada ya chakula inakwenda wapi? Maswali haya si uchimbaji wa aibu. Ni haki ya mwenye kuolewa kujua anaingia nyumba ya namna gani, kama vile kijana alivyo na haki ya kujua kama binti anashinda na tamthilia za Kituruki mpaka saa 7 usiku na simu mkononi. Ndiyo, na akina dada tumewataja. Hili gonjwa lina majina mengi.

Tunayo habari ya posa moja iliyopangwa Jumapili saa 10. Wazee walikuja, pilau likafunikwa, kijana mwenyewe hakuonekana mpaka Magharibi, na simu imezimwa. Ilikuwa siku ya Liverpool na Manchester United. Wazee wa upande wake walitoa visingizio vya foleni ya barabarani. Baba wa binti, mtu mpole sana, hakugomba. Alisema tu kwamba binti yake atalifikiria upya. Watu walimwona ana makuu. Sisi tunaona alisoma barua iliyoandikwa wazi. Mchumba ambaye bado anatafuta kukubaliwa, na bado ameshindwa kuacha mechi moja, je atakapokuwa amekwishakubaliwa na kutia saini sekta?

Na kwa upande wa pili, mabinti wapendwa, msijidanganye kwamba atabadilika akioa. Wengine wanabadilika, alhamdulillah. Lakini msiolewe na mabadiliko, oleweni na mtu aliyepo. Kama unaona huwezi kuishi na mpira, sema sasa, kwa adabu, mbele ya walii wako. Na kama unaona unaweza, basi usiahidi kwa mdomo halafu mwezi wa pili ukaanza vita ya rimoti. Kijana aliyekwambia ukweli kabla ya ndoa kwamba anatazama timu yake kila wiki ana haki ya kukumbushiwa ule ukweli wake.

Wanafunzi nao wana yao. Katika mabweni mchezo hauko kwenye skrini ya kibanda peke yake, uko kwenye simu na kompyuta, ule uliokuwa ukiitwa FIFA mpaka 2023 ulipobadilishwa jina. Wanacheza kwa zamu hadi adhana ya Alfajiri. Mwanafunzi ana mchumba aliyeposwa kwa heshima, familia mbili zinajua, ahadi ni kwamba akimaliza shahada watafunga nikahi. Mwaka unarudiwa. Mtihani unarudiwa. Binti anangoja, anakataa posa nyingine kwa uaminifu, umri unasogea. Kijana akiulizwa anasema mhadhiri ni mkali. Hapa mapenzi ya mchezo yamekula miaka ya mtu mwingine, naye hana namna ya kuidai.

Kuhusu kubeti tutasema kwa ufupi kwa sababu hakuna la kujadili. Katika Suratul Maida, Allah ameiweka kamari pamoja na pombe, akatwambia shetani anataka kwayo kututia uadui na chuki na kutuzuia na dhikri na swala. Basi yule mzee wa “afadhali mpira kuliko pombe” aangalie vizuri kama mkwewe ana mkeka mfukoni, maana huo na chupa vimekaa aya moja. Na pesa ya mkeka karibu siku zote ni pesa ya nafaka ya kesho. Mke mwenye mume wa namna hii asiambiwe avumilie. Aende kwa imamu, aende na shahidi, na imamu amsikilize.

Tumeulizwa: basi tufanye nini? Tunayoyasema tumeyaona yakifanya kazi kwa watu, hatukuyatoa kitabuni. Yupo ndugu aliyeamua kufuata timu, akaacha kufuata ligi. Timu moja ina mechi 38 za ligi kwa msimu mzima, hizo nyingine 342 zinamhusu nini? Aliketi na mkewe mwezi wa sita ratiba ilipotoka, wakazitia alama kwenye kalenda ya ukutani, na mke akatia alama zake pia: arusi ya dada, kliniki ya mtoto, siku za kwenda kwa mama yake Rwamagana. Palipogongana walizungumza. Alikubali kupoteza dabi mbili, mke akakubali kusogeza safari moja. Mwingine alihesabu pesa ya kibanda na soda za kibandani, akaona kwa miezi michache ingelipia king'amuzi cha bei ndogo, akahamishia mpira nyumbani. Mkewe sasa anaijua sheria ya kuotea kuliko yeye, na wanabishana vizuri. Si kila nyumba itaweza hilo, na si kila mke atalipenda. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, mara moja akashindwa, mara nyingine akashinda na kumtania kwamba hii ni kwa ile. Walikuwa na mchezo wao wawili. Tafuteni na ninyi wenu, hata kama ni kutembea mpaka Biryogo kunywa chai baada ya Isha.

Kwa misikiti yetu tuna ombi. Katika mawaidha ya kabla ya nikahi, pamoja na mafundisho ya twahara na talaka, uwekwe muda wa kuwauliza wachumba hawa wawili, mbele ya wazee, wakati wao na pesa zao za starehe vitakwendaje. Robo saa inatosha. Na baba wakwe, nendeni mkaulize kama alivyouliza Amr bin al-Aas.

Tunalisema hili mapema kwa sababu mashindano hayapungui. Kombe la Dunia la 2026 lilipangwa kuwa na timu 48 na mechi 104, badala ya 64 za Qatar 2022, na Marekani ikiwa imelala sisi tumeamka, ikiwa imeamka sisi tumelala. Kisha lipo Kombe la Afrika la 2027, ambalo Kenya, Uganda na Tanzania walikabidhiwa kwa pamoja, yaani safari hii mpira uko kwa jirani. Tunasikia vijana wamekwishaanza kuweka akiba ya basi la Kampala. Ni jambo zuri, tutembeleane. Aliyeoa aulize kwanza bei ya tiketi mbili.

Wabillahi tawfiq.